Nyonga ya Mwinjuma

Mwinjuma alikuwa mtoto wa shangazi yangu, na kwa sababu hiyo, tangu tukiwa watoto, hatukuwahi kuongea mambo ya maana kwa zaidi ya dakika mbili. Kwetu mabinamu wanataniana, na ni wajibu kabisa. Binamu asiyekutania watu watauliza mmegombana nini. Aliniita mke wake mbele ya mkewe, Bahiya. Siku nilipoolewa alikaa mlangoni akakataa mtu kupita mpaka arudishiwe mchumba wake. Na mume wangu alipofariki, siku ya tatu ya msiba, Mwinjuma aliingia ndani ambako nilikuwa sijala tangu juzi, akaniambia, "Haya, foleni imesogea, sasa zamu yangu." Nikacheka, halafu nikala.

Leo ni mwezi wa sita tangu tumzike. Naandika kwa sababu nimeanza kuchanganya siku, ipi ilitangulia ipi, na sitaki kuzichanganya. Nikizichanganya nitajikuta najisamehe bila kujua nimejisamehe nini.

Mie nafanya kazi kwenye kituo cha afya cha watu binafsi huku Temeke, upande wa picha. Kazi yangu ni kuandika majina kwenye rejista, kupokea karatasi za vipimo na kuita watu kwa zamu. Elimu yangu ni kidato cha nne, sikusomea tiba. Lakini nimekaa miaka tisa kwenye dirisha lililo katikati ya mlango wa eksirei na mlango wa altrasaundi, nimesikia mengi, na ubaya wake ni kwamba ndugu zangu wanaamini najua. Mtoto akijikwaa wananipigia mie kwanza.

Mwinjuma alikuwa fundi makochi pale Keko. Siku nzima anakaa kwenye kigoda kifupi, mguu mmoja ameukunja, anavuta kitambaa na kupigilia misumari. Mwaka jana, mwezi wa saba, alianza kulalamika nyonga ya kulia. Alisema ni lile kochi la watu watatu walilolipandisha ghorofa ya pili, Sinza, ngazi zenyewe nyembamba. Akapata mzee mmoja wa kumchua kwa mafuta. Mzee akachua wiki mbili. Maumivu yakashuka mpaka gotini, na jioni jioni mwili ukawa unachemka. Mwenyewe akasema ni malaria, akanunua dawa za kutuliza, akaendelea kupigilia misumari.

"Kwa nini hujaja kwetu?" nilimuuliza siku nilipomkuta kwa shangazi, anapanda ngazi mbili za barazani kwa kuuinua mguu na mikono kama kifurushi.

"Nije mniue? Kwenu anaingia mtu na mafua anatoka na kijiti cha kutembelea."

"Kijiti utakipata bila kuja. Unatembea kama bata aliyekunywa."

"Bata huyu ndiye uliyekuwa unamlilia asikuache."

Tulicheka sote, na shangazi naye akacheka. Lakini Jumatano iliyofuata alikuja.

Alimwona daktari Kokuberwa, mama mmoja wa Bukoba, mtaratibu, hasemi sana. Alimkunja mguu, akauzungusha, Mwinjuma akapiga kelele tukaisikia mpaka dirishani. Alipotoka alikuwa ameshika karatasi ya vipimo, akanipa mkononi. Nimeisoma mie mwenyewe, kwa macho yangu. Mstari wa kwanza: eksirei ya nyonga ya kulia. Mstari wa pili: altrasaundi ya nyonga ya kulia, kuangalia maji ndani ya kiungo. Chini yake damu, na neno "leo" limepigiwa mstari.

Damu alishatolewa. Eksirei nilimpitisha mapema, hakupanga foleni. Ndiyo raha ya kuwa na ndugu dirishani. Twaha, mtaalamu wa eksirei, alimlaza, akapiga picha mbili, na baada ya muda mfupi akatoka nayo ile picha kubwa nyeusi, akainyanyua kwenye mwanga.

"Mfupa safi," alisema. "Hakuna ufa, hakuna kilichohama. Mwambie amalizie na kule altrasaundi, kwa Filomena."

Hilo nalo nililisikia. Sikukosa kuambiwa hata kitu kimoja.

Sasa, Jumatano kwetu ni siku ya kina mama wajawazito. Wanakuja kutoka Tandika, Yombo, hadi Mbagala, wanajaza benchi la nje ya chumba cha altrasaundi kutoka mwanzo mpaka mwisho, kila mmoja na chupa yake ya maji. Mwanamume akionekana pale amemsindikiza mkewe. Mwinjuma alikuja akichechemea, na picha yake ya eksirei kwapani, akaketi kwenye kipande kilichobaki kati ya wanawake wawili wenye matumbo makubwa. Alikuwa amevaa kanzu. Kwa kuwa alikuwa mnene kiasi, na kanzu ilimkaa pale tumboni, sikuweza kujizuia.

"Kina mama," niliita kutoka dirishani, "msogezeeni mwenzenu. Huyu mimba yake imeshuka kwenye nyonga."

Benchi zima lilicheka. Mmoja akamgeukia. "Kadi yako ya kliniki iko wapi, mwenzetu?"

Mwingine akadakia, "Na mwenza? Hapa hupimwi bila mwenza."

"Mwenza ndiye huyo dirishani," Mwinjuma akajibu. "Alinitia mimba akanikimbia."

Walicheka mpaka mmoja akashika tumbo akasema jamani mtanizalisha hapa. Filomena mwenyewe alichungulia kutoka chumbani kuona kuna nini. Nami niliona fahari, sitaficha. Nilikuwa na binamu anayejua kuchekesha watu.

Halafu akapita kijana mmoja wa Keko, anauza sponji, alikuwa amemleta mkewe. Akasimama. "Fundi! Na wewe uko huku kwa wazazi?"

Mwinjuma alicheka tena, lakini mara hii nilimwona anatazama chini. Alikaa kama dakika tano zaidi. Kisha akashika ukuta, akainuka, akaja dirishani.

"Binamu, mie naenda. Kazi za watu zinanisubiri. Si umesema mfupa mzima?"

"Mzima kama wa ng'ombe."

"Basi. Huku nitarudi siku ambayo si ya wazazi."

Hapo palikuwa na maneno mengi ya kusema. Ningeweza kusema kaa, nitakuingiza sasa hivi, kama nilivyokuingiza kule. Ningeweza kumwita Filomena. Ningeweza kumwambia daktari ameandika leo, na amepigia mstari. Nilisema hivi:

"Haya nenda. Utazalia nyumbani."

Akaondoka. Kwenye rejista, mbele ya jina lake, nikaandika "hakusubiri". Daktari Kokuberwa alimaliza zamu saa nane, na wagonjwa wake waliobaki walipokewa na mwingine ambaye hakujua kwamba kuna mtu anasubiriwa arudi na majibu mawili.

Jioni hiyo nilimpigia simu Bahiya. Bahiya ni mtu wa Kipawa, kwao wana asili ya Kiarabu, baba yake Hamoud ana duka la vitambaa, na ndiko Mwinjuma alikomfahamu, akienda kununua vitambaa vya makochi. Miaka ishirini amekaa na sie lakini utani wetu hakuuzoea. Kwao mtu akisema jambo amelisema. Nilimwambia, "Wifi, ondoa wasiwasi. Picha imetoka, mfupa safi kabisa." Nikamsikia anashusha pumzi, anasema alhamdulillah, anasema Mungu akuweke wifi yangu.

Ile picha ikabandikwa kwenye kioo cha dirisha la sebuleni kwao. Kila mgeni aliyekwenda kumjulia hali alionyeshwa. Nilimkuta mzee mmoja jirani ameisimamia anaifuatisha kwa kidole, anasema, "Mwone, mfupa huu bado kijana." Watu wetu wanaipenda eksirei kwa sababu hiyo: unarudi nayo nyumbani, unaishika, unaiona. Altrasaundi unatoka na kikaratasi na mafuta tumboni.

Jumatatu iliyofuata wagonjwa walikuwa wachache. Filomena alikuja dirishani na chai yake.

"Yule ndugu yako wa nyonga mbona hakurudi?"

"Picha yake ilikuwa nzuri," nikasema.

"Picha ipi?"

"Ya Twaha."

Aliweka kikombe chini. Filomena si mtu wa kukaripia. Aliniita ndani, ambako alikuwa na mzee amelala kwenye kitanda, goti limevimba kama nazi. Akampaka jeli, akaweka kile kidude juu ya goti, akaniambia nitazame kwenye kioo. Palikuwa na michirizi ya kijivu, na katikati yake doa jeusi, limelala kama jani.

"Hayo ndiyo maji," alisema. "Twaha angempiga huyu picha, angeona mfupa tu. Eksirei inaona kigumu. Maji na nyama kwake ni ukungu mmoja. Goti walau unaliona limevimba kwa macho. Nyonga imefunikwa na nyama nene, inaweza kujaa na nje pasionekane kitu."

"Na wewe unayaona yote?"

"Mie naona maji yapo, hata yakiwa kijiko kimoja. Maji gani, ya kuumia au usaha, hapo sijui. Ni mpaka sindano iyatoe. Na ndani ya mfupa sioni, mfupa unanizuia. MRI ndiyo inayoona vyote kwa pamoja, maji, nyama, mpaka uboho. Lakini ile ni hospitali kubwa, upangiwe siku, ulale kwenye tundu nusu saa bila kutikisika. Ndiyo maana daktari anaanzia kwangu. Ni mlango wa pili tu, mtu haendi mbali." Akafuta goti la mzee kwa karatasi. "Alikuwa na homa?"

"Jioni jioni."

Aliacha kufuta, akanitazama.

Nilitoka nje nikampigia Mwinjuma. Nyundo zilikuwa zinasikika nyuma yake.

"Mke wangu umenikumbuka."

"Mwinjuma, rudi upime kile cha pili."

"Cha mimba?"

"Sitanii."

"Wewe ukisema hutanii ndiyo unaanza."

"Wallahi sitanii. Inaweza kuwa kuna maji kwenye nyonga. Eksirei haioni maji."

"Nimeshajifungua, binamu. Mtoto amefanana na wewe, tunamficha wageni wasishtuke."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka, na yeye aliposikia nacheka akajua amepatia, hakuna jambo. Akasema nyonga imepoa, anatumia dawa, wiki ijayo atakuja. Nilipokata simu ndipo nilipogundua sikuwa na sauti ya kumwambia. Sauti niliyokuwa nayo kwa Mwinjuma ilikuwa moja tu, ile ya utani, na yeye kwangu vivyo hivyo. Miaka arobaini tumeitumia hiyo hiyo, haikuwahi kubeba kitu kizito.

Jumanne nilijaribu tena. Nilijiandaa kabisa, nikamsalimia kwa upole, nikamuuliza ameamkaje.

"Umeugua?" akaniuliza. "Mbona mpole? Unanitisha."

Basi nikamtukana kidogo ili asiogope, na simu ikaishia hapo. Nikajiambia atakuja mwenyewe, ni mtu mzima. Jumatano ikapita, Alhamisi ikapita. Sikupiga tena.

Ijumaa, saa saba kasoro mchana, Bahiya alinipigia. Alisema Mwinjuma ameshindwa kwenda msikitini, anatetemeka, mguu haugusiki, na anaongea maneno hayaeleweki. Nilichukua ruhusa, nikaenda kwao Tandika. Nilimkuta amelala chini kwenye mkeka kwa sababu kitandani alishindwa kupanda. Paja lilikuwa la moto. Tulimbeba mie na Bahiya na majirani wawili, tukamweka kwenye bajaji, mguu tumeulaza kwenye mito ya kochi.

Kituoni hapakuwa na foleni, na hata ingekuwepo ningeivunja. Daktari Kokuberwa alimwona mlangoni tu, hakutaka hata kumshusha, akasema mpelekeni kwa Filomena sasa hivi. Alipopimwa sukari, ilikuwa juu mno. Hakuna aliyekuwa anajua ana kisukari. Majibu ya damu ya Jumatano ile yalikuwa yamekaa kwenye faili yamesema hivyo, yakimsubiri mgonjwa arudi kuyachukua.

Filomena alimpaka jeli kwenye kinena. Mwinjuma alifumbua macho, akakiona kile kioo, akanitafuta mpaka akaniona nimesimama miguuni pake.

"Wa kike au wa kiume?" aliuliza. Sauti ilikuwa ndogo.

Filomena hakucheka. Alikuwa ameshaona. Hata mie nilikuwa nimeona: palepale mbele ya mfupa palikuwa na weusi mpana, umetuna, na ndani yake vitu vidogo vya kijivu vinaelea taratibu kama vumbi kwenye mwanga. Si kijiko kimoja tena. Nilitakiwa nimjibu. Nilikuwa na majibu kumi, ningeweza kusema mapacha, ningeweza kusema anafanana na baba yake. Sikuweza. Nilisimama tu nimeshika mguu wake ulio mzima. Akanitazama muda, kisha akageuza uso ukutani. Nadhani ndipo alipojua. Daktari hakuwa bado amesema kitu. Kunyamaza kwangu ndiko kulikomwambia.

Walimpeleka hospitali kubwa jioni ile ile. Sindano ilitoa usaha. Walimfanyia upasuaji kuosha kiungo, na siku ya pili wakampitisha MRI, ikaonyesha kwamba ugonjwa umeshaingia kwenye mfupa wenyewe na umefuata nyama mpaka ndani ya kiuno. Mfupa ule aliosema mzee ni kijana. Sumu ilikuwa imeshaenda kwenye damu. Alikaa siku tano. Siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, Bahiya alitoka wodini akiwa ameshika kandambili zake mkononi, akasema, "Amekwenda."

Msibani kwetu mabinamu na watani wana kazi yao. Wakati wanaume wamekwenda kuzika, sie tulikuwa ndani, na kina shangazi wadogo wakaleta kanzu ya Mwinjuma na kofia yake, wakaniletea mie. Ndiyo desturi: mtani mkubwa anavaa vya marehemu, anatembea kama yeye, anaongea kama yeye, waliofiwa wanacheka, roho zinapumua. Kila mtu pale alijua ni mie. Nilizipokea nikaziweka mapajani, nikawa siinuki.

"Hamisa, vaa basi," wakasema. "Mwenzio alikuwa anakusubiri ufe akuigize wewe."

Sikuinuka. Mdogo wangu Salma aliona, akazichukua mapajani pangu, akavaa, akaanza kutembea akichechemea, mguu wa kulia anauinua kwa mikono. "Jamani mnisogezee," akasema kwa sauti nzito ya Mwinjuma, "niko miezi tisa." Maana hadithi ya benchi ilikuwa imeshafika Keko na Tandika yote, Mwinjuma mwenyewe alikuwa akiisimulia kwa watu, akijicheka. Chumba kizima kiliangua kicheko, wanawake wakafuta machozi kwa kanga, hata shangazi yangu, mama mzazi wa marehemu, akatabasamu. Walinitazama mie wakaona nalia, wakadhani ni uchungu wa kawaida.

Bahiya alikuwa ameketi pembeni, hakucheka wala hakuchukia. Wageni wa kwao Kipawa walipomuuliza ilikuwaje, nilimsikia akiwajibu, kwa ile sauti yake iliyonyooka. "Tulihangaika mapema. Huyu wifi yangu alimpigisha picha siku ile ile, hata foleni hakupanga. Mfupa ulikuwa mzima. Ni Mungu tu." Akanigusa bega. Mama yake, bibi mmoja mweupe mwenye miwani, akanishika mkono akaniombea dua ndefu.

Nilirudi kazini baada ya siku saba. Kwenye rejista niliukuta ule mstari, "hakusubiri", kwa mwandiko wangu. Nilifikiri kuandika upya, niandike "alizuiwa" au kitu cha namna hiyo, lakini rejista si mahali pa kuandika hivyo. Miezi miwili nilikwenda kwa Bahiya kila Ijumaa, yuko kwenye eda, nampelekea mboga, nafagia ua, nakaa naye, siongei. Alikuwa akinishukuru kila nikiondoka. Shukrani zake zilikuwa zinanitesa kuliko ambavyo tusi lingenitesa. Kila Ijumaa nilikwenda nikiwa nimeazimia kumwambia, na kila Ijumaa nilirudi nikiwa nimefagia ua.

Mwezi wa tatu nilimwambia. Ilikuwa baada ya swala ya alasiri, yuko chumbani amekaa kwenye godoro, nguo zake nyeupe, anachambua mchele. Sikuzunguka. Nilimwambia karatasi ilikuwa na mistari miwili. Nilimwambia kuhusu benchi, kuhusu mimba ya kwenye nyonga, hilo alikuwa analijua, lakini hakujua kwamba Mwinjuma alikuwa anasubiri kipimo na akainuka kwa sababu yangu. Nilimwambia nilichosema mwisho. Nilimwambia kwamba Filomena alinionyesha maji kwenye kioo, siku tano baadaye, na bado kulikuwa na muda, labda, na nikampigia simu mara mbili.

Bahiya aliacha kuchambua. Mkono ulibaki ndani ya ungo.

"Ulimpigia yeye," akasema.

"Nilimpigia. Akawa ananitania. Nikisema kweli anaona utani. Unajua sie tulivyo."

"Najua nyie mlivyo." Akautoa mkono ndani ya ungo. "Na mie?"

Sikumwelewa.

"Mie sikuwa mtani wako, Hamisa. Mie na wewe hatukuwahi kutaniana. Ile Jumatano jioni, picha ilipotoka nzuri, ulimpigia nani?"

"Wewe."

"Habari nzuri ulinipa mie. Habari mbaya ukampelekea yeye, ambaye unajua hawezi kuisikia kutoka kwako." Hakupaza sauti. "Namba yangu ulikuwa nayo. Ungeniambia neno moja tu, wifi, mpeleke."

Miezi mitatu nilikuwa nimejilaumu kwa benchi, kwa kicheko, kwa ile "nenda, utazalia nyumbani". Nilizigeuza siku zile kila upande. Hilo halikunijia hata mara moja. Mtu wa kuambiwa alikuwa nyumba ile ile, chumba kile kile, analala upande wa pili wa nyonga ile, na nikampita kwa sababu nilizoea kumwona kama mtu wa kutulizwa.

Nilimwomba msamaha. Alisema, "Subiri kwanza." Akasukuma ungo kando, akaifunga vizuri kanga kichwani.

"Nieleze," akasema. "Ile ya kwanza inaona nini, na ile ya pili inaona nini. Mie nilibandika picha pale dirishani nikawaonyesha watu. Nataka nijue nilikuwa nawaonyesha nini."

Nikamweleza. Nilimwambia eksirei inaona kigumu, na kwamba alichokuwa anawaonyesha watu kilikuwa kweli, mfupa ulikuwa mzima siku ile. Nilimwambia maji yanavyotokea meusi kwenye kioo cha Filomena, na kwamba hata kijiko kimoja angekiona, na kwamba baada yake ingekuja sindano, na baada ya sindano dawa. Nilimwambia na ile ya tatu, ya hospitali kubwa, ambayo iliona kila kitu wakati hakuna tena cha kufanya. Akaniuliza kama kile kipimo cha pili kinauma. Nikasema hakiumi, ni jeli ya baridi tu. Akauliza kinachukua muda gani. Nikasema robo saa.

"Robo saa," akasema.

Alinisikiliza mpaka mwisho, macho usoni kwangu, bila kunikatiza, kama mtu anayepokea maelekezo ya njia. Hakuna aliyewahi kunisikiliza hivyo katika familia yetu. Ilinichukua muda mfupi tu kumweleza, mfupi kuliko kuchemsha chai, na nilipokuwa namwangalia nilijua kwa hakika kabisa kwamba angemshika Mwinjuma mkono, na kanzu yake na utani wake, na angemleta kesho yake asubuhi.